Dari Tulimolala Bure

Milioni sita na nusu. Niliisoma bei hiyo kwenye simu, nikavua miwani, nikaipangusa kwa leso, nikaisoma tena. Sufuri zilikuwa zile zile. Hiyo ndiyo bei ya dari la ghala la pamba pale Homa Bay, karibu na gati la zamani, dari ambalo siku hizi linaitwa apatimenti ya kisasa katika mtaa wa kihistoria. Na wewe uliyekua miaka yetu, uliyekunywa maziwa ya bure ya shule kwenye pakiti ya pembe tatu, keti kwanza ndipo nikuambie: enzi zetu tulilala ndani ya dari hilo bure, na Baba bado alilalamika kwamba ni ghali.

Alikuwa na haki ya kulalamika. Kila alipomwomba tajiri wa ghala nyongeza ya mshahara, tajiri alimjibu, "Lakini nyumba unakaa bure." Kitu cha bure hukatwa kila mwezi. Hilo nililijua kabla sijajua hesabu ya kugawanya.

Baba alikuwa mtunza ghala. Msimu wa pamba ulipofika, wakulima walileta magunia kwa punda, kwa mikokoteni ya ng'ombe, wengine kwa kichwa. Karani alipima, Baba alipokea, na pamba ikarundikwa chini ikingoja lori la kwenda kiwandani. Juu kabisa, chini ya mabati, kulikuwa na dari la mbao ambako zamani yaliwekwa magunia matupu. Tajiri alimpa Baba aishi humo na jamaa yake ili ghala lisilale peke yake. Ngazi ilikuwa ya mbao, nje, upande wa ziwa. Vyumba havikuwepo. Mama alitundika shuka: huku wazazi, kule watoto, na pale katikati tukapaita sebuleni kwa sababu palikuwa na kiti. Mimi Akoth nilikuwa wa kwanza. Wa kunifuata alikuwa Ouma, na nyuma ya Ouma kulikuwa na wadogo ambao kazi yao ilikuwa kula na kulia, kwa zamu.

Harufu ya mahali pale bado iko puani mwangu. Pamba mbichi inanuka kama shamba lililokauka baada ya mvua, ukiongeza mafuta kidogo ya mbegu, vumbi, na mavi ya popo. Mchana bati liliwaka mpaka ukigusa msumari unaruka. Jioni upepo wa ziwa uliingia kwa dirisha, bati likaanza kulia ka! ka! ka! likipoa, na Mama akasema, "Haya, hata nyumba imekunja miguu, na nyinyi kunjeni." Asubuhi tulikwenda shuleni na nyuzi nyeupe kichwani. Mwalimu wa zamu alizoea kutuuliza mbele ya watu wote, "Nyinyi mnalala na kuku?" Tulijibu, "Hapana mwalimu, tunalala na pamba," na darasa likaanguka kwa kicheko. Leo mtu akikuambia analala juu ya pamba halisi unajua ni tajiri.

Sheria ya kwanza ya nyumba ile ilikuwa fupi: moto haupandi ngazi. Cheche moja na mavuno ya tarafa nzima yangekwenda, na Baba nyuma yake. Kwa hiyo juu hapakuwa na jiko wala koroboi, wala hata kiberiti. Wageni walipekuliwa mifuko. Babu yetu mmoja, ndugu ya babu mzaa baba, alikuwa mtu wa kiko. Alikiacha chini ya ngazi kama mtu anayeacha viatu mlangoni mwa msikiti, na kila baada ya muda mfupi aliomba radhi akashuka kwenda kukisalimia.

Mama alipikia uani, kando ya muuza samaki tuliyemwita Nyar Karungu, binti wa Karungu. Jina lake la ubatizo silijui hadi leo. Alikuwa ameolewa kutoka Karungu, na kwetu hilo linatosha kuwa jina. Alikaanga samaki chini ya kibanda cha bati, akawauzia wapakiaji na madereva wa lori. Mboga yetu na ugali wa mtama ukiwa na muhogo vilipanda ngazi kichwani mwa Mama, mvuke ukimtangulia, na sisi tukiwa tumekaa tayari kama makinda. Tulikula mapema kabla giza halijaingia, maana giza likishaingia ulikuwa unatafuta mdomo wako kwa kukisia, na mkono wa Ouma ulikuwa ukikosea njia ukaingia kwenye bakuli lako. Alikosea hivyo kila siku ya samaki. Siku ya osuga, ile mboga chungu, hakukosea hata mara moja.

Kazi ya shule tulifanyia dirishani tukishindana na jua. Nilijifunza kuandika upesi kwa sababu hiyo tu. Vijana wa leo stima ikikatika wakati wa chai, wanatangazia dunia nzima kwenye simu kwamba wanateseka. Sisi giza lilikuwa sehemu ya ratiba.

Na michezo! Kwenye sakafu ya dari kulikuwa na tundu kubwa lililokuwa la kupandishia magunia. Pamba ikijaa chini, tulifungua mfuniko tukaruka. Unaanguka, unazama hadi shingoni, unatoka ukikohoa mawingu. Baba alikataza kwa mdomo, kisha kwa mshipi, na bado tuliruka, kwa sababu mshipi ulikuwa mmoja na sisi tulikuwa wengi. Siku za mvua tulicheza kora kwa vijiwe palepale sakafuni. Mbao zilikuwa na nafasi, na kijiwe kikiponyoka kilimwangukia karani kichwani. Karani alikuwa na upara. Tulijua kwa mlio kama kimempata.

Shuleni ndiko nilikoanzia biashara. Mnakumbuka kile kibao, yule anayesikika akisema Dholuo anavishwa shingoni, na jioni anayekutwa nacho anachapwa? Wenzangu walikikimbia. Mimi nilikaa karibu na mwenye kibao nikamwambia, "Nipe nusu ya mandazi yako, nitakuuzia mtu." Akinipa, namwendea mtoto aliye na muwa, namuuliza bei kwa Kiswahili, naipunguza mpaka anakasirika. Hakuna Mjaluo anayekasirikia bei kwa lugha ya kigeni. Kibao kinahama. Nilishiba mandazi mwaka mzima, mpaka mwalimu mkuu alipotambua kwamba mimi peke yangu sijawahi kuchapwa.

Lakini chuo changu kikuu kilikuwa pale kwa Nyar Karungu. Nilimsaidia kufukuza nzi, yeye akanifundisha watu. Alisema, "Mnunuzi akigeuka kuondoka, usimwite upesi. Mwache afike pale kwenye mtaro. Akiuvuka bila kuangalia nyuma, hana pesa. Akiinama kufunga kiatu, ana pesa, anangoja jina lake." Nimeuza mahindi na maharagwe Migori maisha yangu yote kwa elimu hiyo. Anayenunua gorogoro moja, kopo moja tu la kupimia, na anayenunua magunia ya lori, wote huinama kufunga kiatu. Na mimi ninapokwenda kununua Isebania, huondoka, huinama, na huitwa.

Sasa, pamoja na raha hizo zote, Baba hakukubali hata siku moja tuseme tunakaa nyumbani. Ukisema "nakwenda nyumbani" ukielekea ngazini, alikusimamisha. "Ma ok en dala, en mana kar nindo." Hapa si boma, ni mahali pa kulala tu. Boma lina lango, alisema, lina udongo, lina mahali moto unawaka na mahali watu wanazikwa. Dari halina hata kimoja. Boma lake lingekuwa Kasipul, upande wa Oyugis, kwenye ardhi ya baba yake, siku Mungu akijalia.

Mungu alijalia nikiwa darasa la sita. Wenzangu wa kwetu wanajua inavyokuwa, na asiyejua nitamweleza kwa ufupi. Mwanamume anayekwenda kuanzisha boma hutoka alfajiri akiwa na jogoo. Mwana wa kwanza wa kiume hubeba shoka. Mke hubeba moto. Huko wanajengewa nyumba siku hiyohiyo na wanalala humo. Basi asubuhi ile Baba alisimama chini ya ngazi amebana jogoo kwapani, koti la mvua begani. Ouma, ambaye alikuwa bado hajui kujifunga kamba za kaptura, alikabidhiwa shoka refu kuliko mguu wake. Mama alikuwa na makaa ya Nyar Karungu ndani ya chungu kilichovunjika mdomo, yamefunikwa majivu. Alitaka boma lake liwashwe na moto uliompikia watoto. Wadogo walikuwa wamepelekwa kwa shangazi.

Nikauliza, "Na mimi nibebe nini?"

Baba aliangalia mkono wa kushoto, akaangalia wa kulia, kama mtu anayetafuta mzigo uliobaki. "Wewe bakia uangalie ghala," akasema.

Mama akaniinamia. "Usikunje uso. Wewe dala yako iko mbele. Nyako ogwang'." Msichana ni paka mwitu, leo yuko hapa, kesho ameingia kichaka cha wengine. Alilisema kwa upole, kama mtu anayekupa zawadi.

Wakaenda. Makaa yalizimika kabla ya kufika Oyugis, baada ya kondakta kutoza chungu nauli yake, na boma likawashwa kwa moto wa jikoni kwa bibi. Hadithi hiyo Ouma ameisimulia kwenye kila matanga ya ukoo wetu, na kila mwaka shoka linazidi kuwa zito. Mimi nilikaa dirishani juu, peke yangu, nikiangalia maji mpaka jua likaegemea. Nyar Karungu alipanda na sahani, akanikuta nalia. Akanipa kichwa cha samaki, ngege. "Kula," akasema. "Wanaume wamekwenda na shoka. Wewe umebaki na nyumba." Sikumwelewa. Nilikuwa na njaa.

Pamba ilikufa, kama mjuavyo. Bei ikaanguka, malipo yakachelewa, wakulima wakang'oa wakapanda mahindi. Ghala likafungwa, Baba akahamia Kasipul kwenye boma lake, na huko ndiko alikolala mpaka sasa, kulia kwa nyumba, chini ya saruji. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaingia kichaka changu huko Awendo, kwa watu wa miwa. Sitawachosha na habari za ndoa ile. Ilidumu muda mrefu kuliko ilivyostahili, nikatoka na binti mmoja, na ng'ombe wao wa mahari wakarudishwa wote, hata yule aliyekuwa amekufa alifidiwa. Binti yangu sasa ameolewa Bondo. Kwa hiyo Awendo sina deni wala kaburi. Na Kasipul, mimi ndimi wanayemwita migogo, mwanamke aliyerudi. Migogo hajengi ndani ya boma la baba yake. Akifa anazikwa nje ya ua, pembeni, kama mgeni aliyechelewa akakuta lango limefungwa.

Hivyo nimepanga Migori, nyuma ya soko, chumba baada ya chumba. Mwaka huu mwenye ploti ametuambia tuhame, anajenga gesti. Nimechoka, wenzangu. Siyo kuchoka kwa kulala ukaamka umepona. Nimechoka kubeba kitanda kile kile kupitia milango tofauti. Mikono inauma nikishika gorogoro. Nina akiba yangu ya maisha yote, inafika milioni nne na ushee, na chama changu kiko tayari kunikopesha iliyobaki. Nikakosea nikauliza kwenye kundi letu la simu kama kuna mtu anajua nyumba ya kununua. Mmoja akanitumia picha. Nikaona dirisha. Nikavua miwani, kama nilivyosema.

Nilikwenda kuiona. Ajenti ni kijana anaitwa Brayo, kiatu cha ngozi bila soksi, suruali imeishia juu ya kifundo utadhani alivuka mto kuja kazini.

"Karibu madam," akasema. "Unaangalilia watoto?"

"Najiangalilia mimi."

Akatazama ngazi, akanitazama mimi. "Na hizi ngazi utaziweza?"

"Nilizipanda kabla mama yako hajazaliwa. Pita mbele."

Kule juu nilishikilia ukuta. Mbao zetu wamezipiga randa na kuzipaka mafuta, zinang'aa kama meza ya kanisa. Bati la juu hawakuliwekea siling'i. Brayo alilionyesha kwa fahari. "Tumeacha bati lionekane, madam. Wateja wanapenda." Enzi zetu bati kuonekana ulikuwa umaskini, siku hizi ni mtindo, na unalipia. Lile tundu la kurukia pambani wamelifunika kioo kinene, unasimama juu yake ukiwaona watu chini wakinywa kahawa, kwa sababu ghala sasa ni mkahawa, na kikombe kimoja ni bei ya gorogoro ya mahindi na chenji haipo. Na pale katikati, palipokuwa sebule yetu ya kiti kimoja, kuna jiko la gesi la miguu minne. Brayo akageuza kitufe, moto wa buluu ukasimama. Nawaambia ukweli, niliangalia nyuma. Nilimtazamia Baba akipanda na mshipi.

"Popo mmewapeleka wapi?" nikauliza.

"Popo? Tulipulizia dawa, madam."

"Watarudi. Wale nawajua kwa majina. Bei ya mwisho ngapi?"

"Milioni sita na nusu ndiyo ya mwisho."

"Hiyo ni ya kwanza. Umeitaja mara moja tu. Chukua tatu na nusu."

Akacheka kwa adabu. Nikamwonyesha joto, nikamwonyesha ngazi ya nje na mvua ya Aprili, nikamwambia kuhusu harufu inayotoka ukutani bati likipata moto. Alikubali kila kitu na hakushuka hata shilingi. Basi nikafanya kazi yangu. Nikasema "Haya, Mungu akubariki," nikageuka, nikaanza kushuka pole pole, kwa heshima, nikimpa nafasi ya kuniita. Nilifika katikati, kimya. Nilifika chini. Nikainama nikafunga kiatu, na kiatu changu hakina kamba.

Kutoka juu nikasikia akiongea kwa simu. "Ndio bosi, bado ipo. Hapana, hakuna mtu. Ni shosho fulani tu alikuja kutembea."

Nilikaa nimeinama pale, mimi shosho, bibi kizee, mgongo ukinilaumu. Kisha nikapanda tena. Tangu nianze kuuza na kununua sijawahi kurudi bila kuitwa. Brayo alishtuka, akaweka simu mfukoni. Alinipunguzia laki moja bila mimi kuomba, na punguzo la huruma ni chungu kuliko bei. Akaniambia kuna mtu na mkewe kutoka Nairobi wanaitaka ya kuja wikendi. Nikiitaka mimi nilipe laki sita na nusu za kwanza kufikia Ijumaa, na hazirudi.

Nikampigia Ouma. Ni mdogo wangu, lakini ndiye mwenye lango.

"Akoth, umerukwa?" akasema. "Nyumba juu ya mkahawa! Siku ukituacha tukuzike wapi, kwa balkoni, na maua ya watu?"

"Bado niko hai, Ouma. Natafuta pa kukaa kwanza."

"Si ukuje nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Akakohoa. "Kuna jiko la Mama, lile la nje. Tunaweza kulipiga plasta."

"Na Mama akiondoka?"

"Hayo tutaongea."

Tutaongea. Hilo ndilo neno ambalo wanaume wa kwetu hufungia lango bila kuinuka kitini. Halafu, kwa kuwa damu moja hufundishwa biashara na mama mmoja, akaniambia pesa hiyo tuitie kwenye ploti Oyugis, tujenge maduka, hati iwe kwa jina lake "juu ya mambo ya ukoo", nami nipewe chumba cha nyuma. Nikamwambia hiyo ni bei ya kwanza. Hakucheka.

Jumapili nikaenda Kasipul kumwona Mama. Ni mzee sasa, macho yamefifia, lakini vidole bado vinapukuchua maharagwe bila kumwomba mtu ruhusa. Nilimsimulia yote, Brayo, gesi, bati, maneno ya Ouma. Alipukuchua ganda baada ya ganda. Mwishoni akauliza, "Lile dirisha la ziwani bado lipo?"

"Lipo, Mama. Wameweka kioo."

"Baba yako alikuwa akisema pale si dala."

"Nakumbuka."

"Alikuwa akiyasema hayo akiwa ameketi dirishani hapo, miguu ameinyoosha, ameshiba." Akapuliza maganda. "Mimi boma hili nimelikalia miaka hii yote. Lango liko, kaburi liko. Na nikisinzia mchana, Akoth, bado niko kwenye ile ngazi, nimebeba ugali, nahesabu watoto kama wametosha."

Nilitaka aseme nunua. Nadhani alijua.

"Usininunulie mimi," akasema. "Mimi pangu napajua, ni kando yake pale. Na usimwogope Ouma, anaogopa kuliko wewe. Lakini mimi ni mtu wa zamani, sijui mwanamke anakaaje peke yake juu ya watu wasiomjua. Waulize wenzako wa rika lako."

Ndiyo maana nimewaandikia.

Enzi zetu tulikuwa na giza, vumbi na mshipi mmoja, na hakuna aliyejiuliza ni wa wapi. Uliambiwa. Mtu alikuonyesha kwa kidole: kwenu ni kule, mahali pako ni hapa, bakia, ondoka. Leo binti zetu wanakodi nyumba mijini kwa majina yao wenyewe, wanaweka picha za sofa kwenye simu, na ukiwauliza watazikwa wapi wanakuangalia kama umeuliza bei ya mwezi wa angani. Huwa nawacheka. Siku hizi nawacheka kidogo kidogo, kwa sababu wao hawaulizi na wanalala, na mimi nauliza na silali. Sisi tuko katikati: tumezeeka kabla desturi haijatusamehe, na tumepata pesa baada ya miguu kuchoka.

Kwa hiyo wenzangu, hasa nyinyi mliorudi na begi mkakuta lango limeegeshwa, niambieni mlifanyaje. Wewe uliyenunua ghorofani, ndugu zako walipanda kukutembelea au walikupigia simu wakiwa chini? Ulipougua, nani alipanda na uji? Na lile jambo la kaburi, mlilimaliza na kaka zenu mkiwa hai, au mmewaachia watu wa matanga wapigane? Brayo anangoja Ijumaa na pesa hazirudi, nimemuuliza mara mbili. Nilipe au niache? Nishaurini. Ila tafadhali mtu asianze na "rudi kwa kaka yako". Hiyo nimeshaipatana mpaka mwisho, na kwa bei ile sinunui.